Skuta ya Rubani, Baiskeli ya Mpakani

Marubani wa ndege ndogo wana shida moja ambayo sisi wa mpakani tuliitatua kabla wazazi wangu hawajazaliwa. Mtu anarusha ndege yake ya viti vinne, anakata kilomita mia tatu kwa saa moja na nusu hivi, anatua kwenye kiwanja kidogo nje ya mji, anazima injini, anashuka, halafu anakwama. Mji uko kilomita tano mbele. Hakuna basi, hakuna teksi, na chombo kilichomvusha milima na mito hakiwezi kumfikisha kwenye sahani ya chakula. Huko Marekani viwanja vingine huweka gari kuukuu ambalo rubani mgeni huazimwa kwa saa moja au mbili. Akikuta limeshachukuliwa, atembee. Ndiyo maana baadhi yao siku hizi hubeba ndani ya ndege skuta ya umeme ya kukunja, au baiskeli ndogo ya umeme inayokunjwa katikati. Huipima kwenye mizani kwanza, kwa sababu ndani ya ndege kama Cessna 172 kila kilo huingia kwenye hesabu pamoja na mafuta, abiria na mkoba wa rubani mwenyewe.

Nilipowaeleza wenzangu darasani habari hizi, walicheka. Matajiri na michezo yao, wakasema, na mmoja akauliza kama rubani huyo pia hubeba mwamvuli wa umeme. Mimi sicheki. Nadai kwamba skuta ile ni kipimo, na tukikitumia kipimo hicho tutaona jinsi watu wa Mukuju, Malaba na Busia wanavyopunjwa kila neno "usafiri wa umeme" linapotamkwa kwenye mikutano. Tazama rubani anapewa nini. Anapewa chombo chepesi cha kuinua kwa mkono mmoja. Betri ni yake. Anaichaji kwenye soketi ya kawaida, popote alipo, bila kuomba ruhusa ya mtu. Akitaka kukiuza, anakiuza. Sasa tuone sisi tunapewa nini.

Lakini kwanza historia, maana wengi wanaoendesha bodaboda leo hawajui jina hilo lilitoka wapi. Lilitoka kwetu. Miaka ya 1960 pale Busia, kati ya kituo cha forodha cha Uganda na kile cha Kenya palikuwa na kipande cha ardhi ambacho magari ya abiria hayakukivuka bila makaratasi mengi. Gari lilikushusha upande huu, nawe ukajitwika mzigo kichwani mpaka upande wa pili. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki. Wakafunga mto juu ya keria, wakasimama njiani wakiita abiria: "Boda! Boda!", yaani lile neno la Kiingereza la mpaka, lililokwisha kupitia ulimi wetu. Malaba wakafanya vivyo hivyo. Leo jina hilo limefika Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na limehamia kwenye pikipiki, hata kijana wa Kampala anadhani ni mali ya babu yake.

Wataalamu wa usafiri huliita tatizo hili maili ya mwisho: pale chombo kikubwa kinapokuacha na safari yako haijaisha. Rubani aliyeachwa na ndege kando ya kiwanja na mama aliyeachwa na basi mbele ya forodha wamekwama mahali pamoja. Tofauti ni kwamba wa kwanza ametengenezewa skuta, na wa pili alibebwa na miguu ya kijana mwenzake.

Isitoshe, kiwanja cha ndege tunacho. Kiwanja cha Tororo kimo katika orodha ya viwanja vinavyosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, ingawa hakina safari za ratiba. Soroti, kaskazini-magharibi yetu, kuna chuo cha marubani kilichoanzishwa mwaka 1971, enzi za ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Kajjansi, kati ya Kampala na Entebbe, hupaa ndege ndogo, zikiwemo za shirika la kimisheni la MAF ambazo kazi yake ni kutua mahali ambapo barabara imeshindwa. Rubani akitua Tororo hahitaji kukunja wala kukunjua kitu. Anahitaji namba ya simu ya mwendesha boda. Kabla hajamaliza kuifunga ndege yake kamba, pikipiki itakuwa imesimama kando akiulizwa, "Mzee, twende wapi?" Katika hili tumewapita Wamarekani na magari yao ya kuazima, na sioni sababu ya kuona haya kulisema.

Kilichotuponyoka ni baiskeli yenyewe. Kuanzia miaka ya 1990 pikipiki ziliingia kwa wingi, baiskeli ikasukumwa pembeni. Huku kwetu Mukuju, kwenye barabara ya Tororo kwenda Mbale, haijafa: bado inabeba gunia la mahindi, madumu ya maji, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu na mtoto mgonjwa. Lakini imekuwa chombo cha asiye na njia nyingine. Mjomba wangu alibeba watu kwa baiskeli hadi magoti yalipokataa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tatu. Hakupata ajali wala ugonjwa wa kuambukizwa. Alichakaa tu, kama tairi linavyochakaa, na hakukuwa na duka la kununulia goti jingine. Alinilipia karo ya sekondari kwa miguu hiyo, kwa hiyo msomaji asinitake niliandike jambo hili kwa utulivu.

Sasa tumeletewa umeme, na umeme umekuja na pikipiki. Kampala kuna kampuni kama Zembo, GOGO ambayo zamani iliitwa Bodawerk, na Spiro. Mpango unaopendwa ni huu: mwendeshaji anachukua pikipiki, mara nyingi kwa mkopo, lakini betri inabaki kuwa mali ya kampuni. Chaji ikiisha, anakwenda kwenye kituo, anaacha betri tupu na kuchukua iliyojaa, analipa, anaondoka. Mgala muue na haki mpe: kwa mtu wa Kampala anayezunguka na abiria kutwa nzima, mpango huu una akili. Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote, inachakaa, na ni afadhali hasara ya kuchakaa kwake ibebwe na kampuni kuliko kijana aliyeanza kazi jana. Tena hana saa tatu za kukaa akisubiri chaji.

Ila mtu asiyemiliki betri hamiliki chombo. Binamu yangu anaendesha pikipiki ya namna hiyo mjini. Mwezi mmoja alichelewa malipo kwa siku mbili, kituo kikakataa kumpa betri. Pikipiki ikakaa uani kama mbuzi aliyefungwa kamba, nzima, safi, haina kasoro hata ya kioo. Hakuna fundi aliyeweza kumsaidia kwa sababu hapakuwa na kitu kilichoharibika. Pikipiki ya petroli, hata ikiwa ya mkopo, huizimi kwa kubonyeza kitufe ofisini. Utamtuma mtu aifuate, na njiani kuna maneno, kuna wazee, kuna kuombana muda. Hapa hakuna wa kumwomba. Na vituo hivi hufuata wingi wa pikipiki, kama sangara wanavyofuata dagaa. Kijiji chenye pikipiki kumi na tano hakitapata kituo kabla ya mtaa wenye mia tano, na hilo si ubaya wa mtu, ni hesabu ya biashara. Basi hesabu hiyo isiitwe mpango wa taifa.

Ninachotaka mimi ni kile alichopewa rubani. Mota ndogo, betri ndogo, baiskeli ileile.

Mtu mzima mwenye afya akikanyaga pedali kwa muda mrefu hutoa nguvu ya wati 75 hadi 100 hivi. Mota ya baiskeli ya umeme ambayo sheria za Ulaya huiruhusu bila leseni ni ya wati 250, nayo huacha kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Si nguvu nyingi. Haitoshi hata kupasha pasi. Lakini kwa mwendesha baiskeli ni sawa na vijana wawili au zaidi wanaomsukuma mgongoni kwenye kila mwinuko, bila kuomba chai. Chukua betri ya kawaida ya volti 36 na ampea-saa 10. Hiyo ni wati-saa 360. Tuseme baiskeli yenye gunia juu ya keria inatumia wati-saa 15 kwa kilomita huku mwenyewe naye akikanyaga: utapata kilomita 24 kabla chaji haijaisha. Kuijaza, hata ukihesabu upotevu wa njiani, hakufiki nusu ya yuniti moja. Kwa bei ya Sh 800 kwa yuniti ni chini ya Sh 400. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita, na petroli ya Sh 5,000, ingekula Sh 3,000 kwa safari hiyohiyo. Ni hesabu za mwanafunzi, nimeziweka kwa namba za mviringo, lakini zikosoe kwa nusu nzima na bado pengo litabaki.

Mtu atasema umeme wetu hukatika. Hukatika, ndiyo. Mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme uliisha Machi 2025, UEDCL ikashika usukani, na watu wa vijijini bado wanapima mabadiliko kwa taa zao. Lakini wati-saa 360 ni kidogo kiasi kwamba sola ya wati 100 juu ya bati inaweza kuzijaza kwa jua la siku moja. Jaribu kujaza betri ya pikipiki kwa sola hiyo. Udogo ambao wenzangu waliucheka ndio unaoifanya skuta ya rubani iwezekane mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika.

Na sasa nifike kwa watu ambao, kama ningepewa fedha za mradi kesho asubuhi, ningeanza nao kabla ya bodaboda yeyote. Anayeijua Busia anawajua. Ni wafanyabiashara wenye ulemavu wa miguu wanaovusha bidhaa mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Miaka mingi wamekuwa sehemu ya biashara ya mji ule kama forodha yenyewe. Baiskeli hizo zina nafasi ya mzigo chini na nyuma ya kiti, na huwa zinajazwa kwelikweli: unga, sabuni, mafuta ya kula. Mbele mtu anazungusha mikono. Nyuma, penye mwinuko, mara nyingi kuna mtoto au kijana anayesukuma kwa malipo. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa Februari 2018 na Marais Museveni na Kenyatta, tumesikia hotuba nyingi kuhusu malori kupita haraka. Malori na yapite. Mimi nauliza nani amewahi kuhesabu mabega ya watu hawa.

Mota ya wati 250 kwenye gurudumu moja la baiskeli ya namna hiyo ingebadilisha maisha ya mwenye nayo kuliko pikipiki inavyobadilisha ya kijana mwenye miguu miwili. Angepanda mwinuko peke yake. Asingemlipa wa kusukuma. Jioni mabega yangekuwa na nguvu iliyobaki ya kumpakata mtoto. Wala kwa mtu huyu kilomita 24 si kidogo. Ni mpaka mara nyingi kwenda na kurudi.

Ajabu ni kwamba watu wa anga wenyewe wameshaiona tofauti hii. Kwenye ndege za abiria, betri ya lithiamu ya hadi wati-saa 100 hupita bila shida, kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege, na zaidi ya 160 haipandi pamoja na mizigo ya abiria. Skuta nyingi za umeme huishia hapo, na ndiyo sababu anayebeba ya kwake ni yule mwenye ndege yake. Lakini betri ya kiti cha magurudumu cha mlemavu, ikitolewa na kulindwa vizuri, inaruhusiwa hadi wati-saa 300. Yaani sheria ya anga, ambayo haina huruma na mtu, imekiri kwamba betri inayomtembeza asiyeweza kutembea haipaswi kuhesabiwa kama ya mtu anayejifurahisha. Ushuru wetu na miradi yetu ijifunze hapo.

Kuna pingamizi moja ambalo silipuuzi: moto. Betri ya lithiamu iliyotengenezwa vibaya, iliyogongwa, au inayochajiwa kwa chaja isiyo yake inaweza kuwaka, na ikishaanza hujichochea yenyewe, chembe moja ikiiwasha ya pili. Maji kidogo hayatoshi. Desemba 2015 mashirika makubwa ya ndege ya Marekani yalipiga marufuku vile vigari vya kusimamia vya magurudumu mawili kwa sababu hiyohiyo. Jijini New York, mwaka 2023, moto wa betri za lithiamu uliua watu 18, na jiji likaweka sheria kwamba baiskeli na skuta za umeme zinazouzwa humo ziwe zimepimwa na kuthibitishwa. Mimi nikiufikiria moto huo siioni New York. Naona nyumba ya nyasi kijijini, usiku, baiskeli imeingizwa ndani kwa kuogopa wezi, chaja imechomekwa karibu na godoro la watoto. Rubani naye anaijua hofu hiyo vizuri. Angani hakuna mlango wa kukimbilia.

Kwa hiyo sitaki tuletewe betri zozote zile. Bidhaa iliyokataliwa na jiji tajiri ina tabia ya kutafuta bandari nyingine, na Mombasa si mbali na Malaba. Nataka mashirika ya viwango ya Uganda na Kenya yakubaliane alama moja ya betri za baiskeli, isomeke pande zote mbili za mpaka, kisha ikaguliwe palepale forodhani, ambako tayari maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja na wana muda wa kuuliza mwanamke ana kilo ngapi za sukari. Na betri iwe ya kuchomoka, ichajiwe nje ya chumba cha kulala. Kibanda cha kuchajia simu kipo karibu kila kituo cha biashara kijijini. Kikijengwa kwa matofali na kuwekewa ndoo za mchanga, kinaweza kuchaji betri za baiskeli kwa ada ndogo. Hiki si kituo cha kubadilishia. Unaacha betri yako, unarudi kuchukua betri yako.

Pingamizi jingine ni la aibu. Vijana hawataki baiskeli, naambiwa. Baiskeli ni umaskini, pikipiki ni utu uzima, msichana hapandi keria siku hizi. Kuna ukweli humo, sikatai, nimewasikia rafiki zangu. Ila aibu hii ina umri mdogo. Watu wale wale wanaoicheka baiskeli ya Mukuju wangepiga picha na ile ya rubani iliyokunjwa, kwa kuwa imetoka ndani ya ndege. Ipake rangi, iweke taa, ipandishe mwinuko bila jasho, kisha uniletee kijana anayelipa Sh 3,000 za petroli akusimulie aibu yake.

Kuhusu mafundi, wanaosema teknolojia hii itatushinda hawajakaa chini ya mwembe wa fundi wetu wa baiskeli. Mota nyingi za aina hii zimefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Ukiziangalia kwa nje ni gurudumu lenye spoki, na kufunga spoki na kunyoosha rimu ni kazi aliyoifanya fundi huyu tangu akiwa mtoto. Likizo iliyopita nilimwonyesha picha za gurudumu kama hilo kwenye simu. Aliikuza picha kwa vidole viwili vyenye grisi, akaitazama kwa muda. Sikumsikia akiuliza kama ni ya Wazungu, au ya matajiri, au ya marubani. Aligundua mara moja kwamba kitovu ni kinene kuliko cha kawaida, na hivyo spoki lazima ziwe fupi kuliko alizo nazo kwenye kopo. Akaniuliza ni za kipimo gani, na kama nikirudi kutoka Kampala naweza kumletea thelathini na sita.